Karatasi Tatu Ndani ya Droo

Barua iliyomwondoa kazini karani wetu ilipigwa mhuri kwa mkono wangu. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nimejisahau nitakapoanza kuwakasirikia wengine. Nitawakasirikia, na wanastahili. Lakini mhuri niliushika mimi.

Nilikuwa katibu wa chama cha wafugaji nyuki upande wa Rungwa, kule ambako barabara ya vumbi kutoka Itigi inazama porini na vijiji vinaachana mbali. Elimu yangu ni kidato cha nne. Nilikuwa karani wa ghala kwa miaka mingi, nikastaafu, nikarudi kwenye mizinga aliyoniachia baba, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka wakanichagua. Kazi kubwa ya katibu kwetu ni orodha. Mizinga yetu mingi iko ndani ya pori la akiba, na hakuna anayeingia kurina asali mpaka awe kwenye orodha inayopelekwa getini: jina lake, alama yake, kambi yake na idadi ya mizinga. Asiyeonekana kwenye orodha anarudishwa, na msimu haumsubiri.

Alama ni ya zamani kuliko chama. Kila ukoo una yake, inachongwa kwa kisu kwenye gome la mzinga: mistari miwili na nukta, msalaba uliolala, unyayo wa kuku. Yetu ni mistari mitatu na mmoja unaoikata. Mzinga unaning'inia mtini miezi na miezi, hauna kufuli wala mlinzi, na mwenyewe yuko mwendo wa siku mbili. Nimewahi kupita chini ya mizinga iliyojaa, nikiwa na njaa ya tangu jana, nikasikia nyuki wakivuma juu yangu, nikaendelea na safari. Ilikuwa na alama ya mtu. Nililelewa hivyo, na sioni aibu kwa malezi hayo. Aibu yangu ni kwamba niliyapeleka mahali ambapo hayana kazi.

Wafadhili walituletea kompyuta ya kuhifadhi orodha. Waliifunga ofisini, wakaiunganisha na betri za sola, wakapiga picha na sisi, wakala asali, wakaondoka. Hakuna aliyetuambia kwamba kitu kile kinahitaji kutazamwa kama mzinga unavyotazamwa. Mtu akikupa ng'ombe anakwambia anakula nini. Hawa walitupa mashine na fulana.

Mashine ilikuwa na ngazi zake. Kila mjumbe wa kamati alipewa jina la kuingilia, na akiingia aliweza kusoma orodha tu, hata nukta asingeweza kuigusa. Juu yao alikuwepo yule anayeitwa mtumiaji mkuu, ambaye aliweza kuandika, kufuta na kubadili lolote. Neno la siri la mtumiaji mkuu tulilijua watu wawili, mimi na karani.

Karani alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na sita, mwenyeji wa Ilongero, aliyesomea kompyuta chuoni Dodoma na akakubali kuja kufanya kazi mahali ambapo mtandao unashikika ukipanda kichuguu. Kila asubuhi alinisalimu shikamoo akiwa amesimama, hata kama mikono imejaa karatasi. Nilimpenda kwa hilo. Ninavyolitazama sasa, naona nilimpenda kwa hilo kuliko kwa kazi yake.

Asubuhi moja, baada ya salamu, aliniomba nikae. Akaniambia limegundulika tundu kwenye kiini cha mfumo endeshi, na kompyuta yetu inalo. Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu wa mizinga. Akasema ndani ya mashine programu zote ni waombaji. Zinaomba nafasi ya kumbukumbu, zinaomba kufunguliwa faili. Anayeombwa ni kiini, na ndicho kinachojua huyu ni nani na anaruhusiwa nini. Sasa mtumiaji mdogo, yule wa kusoma tu, akileta ombi fulani kwa namna iliyopinda, kiini kinakosea hesabu ya kumbukumbu, na katika kukosea kwake kinamwandika yule mdogo kuwa mkuu. Hahitaji neno la siri. Mashine yenyewe inampandisha cheo.

Nadhani aliona uso wangu hauelewi, kwa maana akaleta mfano wa nyumbani kwao.

"Mzee, bibi yangu alikaa kwenye tembe. Mlango wa mbele ulikuwa mbao nzito, hata fisi hakuutikisa. Lakini ukuta wa chumba cha vihenge haukufika darini. Mgeni aliyelazwa ukumbini akitaka, anapanda ukuta, anashukia kwenye mtama. Mlango wa mbele haumsaidii bibi kitu."

"Na huyo mgeni anayelazwa ukumbini kwa bibi yako ni nani?" nikamuuliza. "Si ndugu?"

"Ni ndugu, mzee."

"Basi. Na humu ndani wanaingia wajumbe wetu. Nani atapanda ukuta wa mwenzake?"

Akainamia karatasi zake. Nilifikiri nimemshinda kwa hoja, nikafurahi kama mtu mzima anavyofurahi akimshinda mtoto kucheza bao.

Dawa ya tundu ilikuwepo, alisema. Watengenezaji walishatoa sasisho. Lakini kiini hakibadilishwi mashine ikiwa inakimbia, ilibidi iwekewe kiini kipya kisha izimwe na kuwashwa upya. Hapo ndipo niliposema hapana kabisa.

Nieleze kwa nini, ingawa haitanisaidia. Mwaka wa kwanza wa mashine ile ilizimika siku ya kutoa orodha, na ilipowashwa haikuamka mpaka jua linashuka. Warinaji walijaa uani na vyombo vyao, na mimi nimekaa mbele ya kioo cheusi. Mmoja akasema, "Katibu, fungua daftari, hiyo televisheni yako imelala." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile niliapa kimoyomoyo kwamba mashine haitazimwa nikiwa katibu. Nilikuwa najisifu kwa wageni kwamba ina zaidi ya mwaka haijazimwa, kama mtu anayejisifia moto wa jikoni kwake. Karani alikuwa akiangalia chini nikisema hivyo. Sasa najua kwamba kila siku niliyoihesabu kwa fahari ilikuwa siku nyingine ya tundu kuwa wazi.

Kwetu kijana hamrudii mzee jambo lile lile. Kumrudia ni kumwambia hasikii, na hayo ni matusi. Karani alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Kwa hiyo hakurudia kwa mdomo. Aliandika. Wiki iliyofuata nilikuta karatasi mezani, imeandikwa kwa adabu, inaniomba nitafakari tena suala la kiini. Nikaisoma, nikaitia kwenye droo. Baada ya mwezi ikaja ya pili, fupi zaidi: kwamba sasa kuna programu zinazopatikana mtandaoni za kulitumia lile tundu, na hata asiyejua kompyuta anaweza kuzipakua na kubonyeza. Droo. Ya tatu ilikuja msimu ukikaribia. Nilisoma mistari ya juu, nikaona ni yale yale, nikaisukuma ndani na kufunga. Hakuna mara hata moja aliyoniuliza umeamua nini. Alinisalimu, nikamwitikia marahaba, tukafanya kazi.

Msimu ulipofunguliwa, mrinaji mmoja mzee, rika langu, tuliyetahiriwa mwaka mmoja, alirudi kutoka getini na mienge yake ya kufukizia moshi ikiwa haijaguswa na moto. Walinzi walimwambia hayumo. Nikafungua orodha nikiwa na uhakika kwamba wamesoma vibaya. Hakuwemo. Kambi yake, mizinga yake yote arobaini na miwili, na ile alama ya unyayo wa kuku aliyoirithi kwa babu yake, vilikuwa chini ya jina la mtu ambaye hakuna mmoja wetu aliyemjua.

Tulihangaika kumpatia kibali cha dharura. Alipofika kambini kwake alikuta kila mzinga umeshushwa, umekatwa masega mpaka ya watoto wa nyuki, na mingine imeachwa chini mchwa waile. Waliorina walikuwa na nakala ya orodha yenye mhuri wa chama. Kisu cha babu yake kilichonga alama kwenye kila gome, na wale watu waliitazama wakasema karatasi inasema ni yetu. Aliponisimulia hakulia wala hakupaza sauti. Alisema tu kwamba hajui nyuki watarudi wapi.

Kamati ikaitwa. Mashine huandika kila badiliko, nani na lini, na ilikuwa imeandika: mtumiaji mkuu, siku ya Jumanne, saa saba mchana. Jumanne hiyo nilikuwa Ulemo kwenye maziko ya dada wa mke wangu, watu wengi walinishuhudia nikishika jembe. Waliojua neno la siri ni wawili. Mmoja alikuwa makaburini Ulemo, akizika. Akabaki mmoja.

Karani alisimama, akasalimia, akasema hakugusa. Saa saba alikuwa amekwenda kula. Akasema kuna tundu kwenye kiini, na kwamba yeyote mwenye jina la kuingilia angeweza kulitumia akawa mkuu.

"Tundu gani?" akauliza mwenyekiti. "La panya?"

Wakacheka. Mjumbe mmoja, mtu mwenye maneno mengi aliyekuwa akienda mjini mara kwa mara, alicheka kuliko wote, akasema wasichana wa chuo wana majina mazuri ya wizi. Karani alinigeukia mimi.

"Mzee katibu anajua. Nilimwambia."

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na ufunguo wa droo mfukoni. Ningesema ndiyo, swali la pili lingekuwa, na wewe ulifanya nini? Niliwaona wale warinaji wa uani wakicheka upya. Nilimwona mwenzangu wa unyayo wa kuku, aliyekaa karibu na mlango, akijua kwamba mizinga yake imekwenda kwa sababu sikutaka kuchekwa.

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

Maneno mawili. Nimeishi miaka zaidi ya sabini, nimesema mengi ya kipumbavu, lakini hayo mawili ndiyo yanayonirudia nikinawa uso. Karani alinitazama kidogo, kisha akakaa. Hakubishana. Angewezaje kumwambia mzee mbele ya watu kwamba anadanganya? Heshima niliyomdai kila asubuhi ndiyo niliyomziba nayo mdomo.

Barua iliandikwa palepale, kwamba ameondolewa kwa kukosa uaminifu. Nikaipiga mhuri. Alipokea kwa mikono miwili.

Miezi miwili baadaye mashine ikawa nzito, tukamwita fundi kutoka Singida mjini. Mtu mpole, hana haraka. Alikaa siku nzima akichimba, kisha akaniita nije nione. Kwenye sehemu ya mjumbe yule wa maneno mengi, yule wa kusoma tu, palikuwa na programu ndogo iliyofichwa chini ya jina la picha. Iliwekwa Jumanne ileile, saa saba kasoro. Fundi akasema hii ni programu ya kupanda cheo, inatumia tundu linalojulikana dunia nzima, na dawa yake ilitoka muda mrefu.

Nikamuuliza kama kweli mtu asiye na neno la siri angeweza kuwa mkuu.

"Ndiyo, mzee. Kwa mashine hii, unahesabu moja, mbili, ameshakuwa." Kisha akaniuliza kwa upole, "Hakuna aliyewaambia?"

Nikajifanya nasoma kioo. Alifikiri sijasikia, akaendelea na kazi.

Nilipeleka habari kwa mwenyekiti siku hiyohiyo, nikitegemea atapasuka kwa hasira kama mimi. Alisikiliza, akajikuna shavu, akasema suala hili ni zito na linataka busara. Busara yao ilikuwa hivi. Mjumbe aliitwa pembeni. Alisema huenda mtu fulani alitumia jina lake, hakumtaja mtu. Wiki iliyofuata aliomba kujiuzulu kwa sababu za afya. Kamati ikapokea ombi lake, ikamshukuru kwa utumishi wake, ikachinja mbuzi. Nilikuwepo. Niliona mtu aliyepanda ukuta wa mwenzake akikabidhiwa ini la mbuzi kwenye sahani, na aliyetuonyesha ukuta mfupi akiwa kwao na barua ya mwizi. Nikasema, na karani je? Tumwandikie barua nyingine.

"Yameisha, mzee," mwenyekiti akasema. "Orodha imerekebishwa, mizinga imerudi kwa mwenyewe. Tukianza kufukua, harufu itatoka kwetu wote. Hata kwako."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyonichoma. Alijua. Nadhani alijua tangu niliposema sikumbuki. Hasira yangu kwao wote ilikuwa na mlango, na mlango huo ulifungukia kwangu. Lakini nilikasirika hata hivyo, na bado nimekasirika. Mtu mwenye kosa anaruhusiwa kuona kosa la mwenzake.

Kisha nikapata habari, kupitia kwa dereva wa lori la alizeti, kwamba karani ameomba kazi kwenye kiwanda cha kukamua mafuta mjini, ya kutunza kompyuta zao. Walimpenda, ila walitaka barua kutoka alikofanya kazi mwanzo. Aliyonayo ilikuwa ile yangu.

Nilitoa zile karatasi tatu kwenye droo, nikaandika barua, nikaipiga mhuri bila kuuliza mtu, nikapanda basi hadi Itigi. Kesho yake nikafika Singida, na bodaboda ikanipeleka Ilongero katikati ya mashamba yaliyokwisha vunwa.

Nilimkuta uani na mama yake wakipura alizeti, wanapiga vichwa kwa fimbo juu ya turubai. Karani aliniona, akaweka fimbo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasema shikamoo. Nilitamani asiseme. Nikaitikia. Mama yake naye ni mtu mzima, hakunidai wala kunipa salamu hiyo. Aliendelea kupiga vichwa viwili vitatu kwanza.

"Ndiye huyu?" akamuuliza bintiye kwa Kinyaturu, nami nakisikia. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Karibu, mzee usiyekumbuka. Kiti unakikumbuka? Ni kile pale chini ya paa."

Nikakaa. Nikasema nimekuja kuomba msamaha, na kwamba nilikumbuka tangu siku ile. Mama akasema hilo walijua, ila ni vizuri nimelileta mwenyewe, maana ni zito kubebwa na watu wengine. Akaniletea maji. Aliyaleta, lakini aliyaweka chini.

Karani alisoma barua yangu akiwa amesimama. Nilidhani ni barua nzuri. Niliandika kwamba palitokea hitilafu ndogo ya mitambo, kwamba karani hakuhusika, na kwamba chama kinasikitika. Aliisoma mara mbili, akanirudishia.

"Mzee, haikuwa ndogo," akasema. "Na haikuwa ya mitambo peke yake."

Ilikuwa mara ya kwanza kunirekebisha. Sauti haikupanda. Akaniletea kalamu na karatasi safi, nikaandika upya kwenye goti langu, yeye akiwa pembeni. Niliandika kwamba alinionya kwa mdomo, kisha kwa maandishi mara tatu, na nikaweka tarehe za karatasi zake. Niliandika kwamba mimi, katibu, nilikataa mashine kuzimwa kwa kuogopa aibu. Niliandika kwamba kwenye kikao nilisema uongo. Mama aliacha kupura ili asikie kalamu.

Nilipomaliza, karani akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Na ile mashine, mmeshaiwekea kiini kipya?"

Sikuweza kumtazama. Mjumbe alikuwa ametoka, orodha imesahihishwa, mbuzi ameliwa, na tundu lilikuwa palepale. Fundi alisafisha, akatuandikia ushauri, na ushauri wake nao ukangoja kikao. Ilimaanisha kwamba mjumbe yeyote, siku yoyote, angeweza kula chakula cha mchana na kuamka na kambi ya mtu.

"Bado," nikasema.

Mama akacheka kicheko kikavu. "Hata nyani akiumwa na nyuki mara moja anahama mti."

Karani hakucheka. Alichukua ile karatasi ya tatu kwenye rundo langu, akaigeuza, akanipa. Upande wa nyuma ulikuwa umejaa mwandiko wake mdogo. Hatua zote za kuweka kiini kipya, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili ambacho mtu wa kidato cha nne angekielewa, na maagizo ya kuzima na kuwasha, na jinsi ya kurudi kwenye kiini cha zamani kama kipya kitagoma. Chini kabisa aliandika: Mzee, tunaweza kufanya wakati wa chakula. Itachukua muda wa kunywa chai. Nitakaa hapa mpaka iamke, ili usisimame peke yako mbele ya watu.

Alijua. Alijua ninachoogopa, na alikuwa ameahidi kusimama nami. Sikuwahi kuigeuza karatasi.

Nilirudi Rungwa. Siku niliyofika ofisini ilikuwa siku ya watu, warinaji wa kambi za mbali wamejaa uani wakisubiri vibali vya awamu ya pili. Mwenyekiti akasema leo si siku ya majaribio. Nikamwambia nimekwisha ahirisha vya kutosha. Nikabandika karatasi ya tatu ukutani, upande wa nyuma ukiwa mbele. Nikafuata hatua zake kidole kwa kidole, nikapanda kichuguu na simu mpaka sasisho likashuka lote, nikarudi, nikatoka mlangoni na kuwaambia watu kwamba nazima mashine, na sababu yake ni ipi, na kwamba ningepaswa kuizima miezi mingi iliyopita. Mwenzangu wa unyayo wa kuku alikuwa miongoni mwao. Nilimwambia yeye kwa jina lake, mbele yao, kwamba asali yake ilipotea kwa sababu yangu. Alitikisa kichwa. Hakusema amenisamehe, wala hajasema mpaka leo.

Kisha nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Uani hakuna aliyetania. Nilikuwa nimemimina chai, nikakishika kikombe. Herufi nyeupe zikaanza kushuka, zikasimama, zikaendelea. Mashine ikauliza jina. Nilitazama saa ya ukutani, zilikuwa dakika nne. Chai yangu bado ilikuwa ya moto, nilishindwa kuinywa.

Dakika nne. Kwa ajili ya hizo mzee mwenzangu alikosa msimu, nyuki wakakosa nyumba, na binti wa watu akaitwa mwizi. Nilitaka kupiga meza. Nilitaka nimpigie mtu kelele, na mtu mwenyewe alikuwa ameshika kikombe changu.

Baada ya siku kadhaa simu yangu iliita nikiwa naunganisha gome la mzinga. Sauti ya mwanamke, mtu mzima, akasema anapiga kutoka kiwanda cha mafuta. Akanisalimu vizuri, kisha akauliza kama mimi ndiye niliyeandika barua aliyonayo mkononi.

"Ni mimi."

"Hapa umesema alikuonya mara tatu."

"Kwa maandishi. Na moja kwa mdomo. Ni nne."

"Na wewe ukafanya nini?"

Kisu kilikuwa bado mkononi. Nilikuwa nimechonga mistari mitatu, ule wa kukata bado.

"Sikufanya kitu," nikasema. "Halafu nikasema sikumbuki."

Nikasikia mashine za kukamua nyuma yake.

"Basi yeye tutamchukua," akasema. "Wewe, baba, samahani, tusingekuchukua."

Nikamwambia ana haki. Akaniaga kwa adabu, akakata. Nikakaa kidogo na simu gotini, kisha nikamalizia mstari wa nne.